Hatua Kumi na Nne kwa Siku Mbili

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa sita 1954. Kashuga.

Daktari amefika kweli. Mzungu mrefu, kofia kubwa, wapagazi sita, mizani moja. Alisimama mbele ya kanisa akatueleza, karani wake Honoré akitafsiri, kwamba anataka kujua sisi wakulima wa milimani tunatembea kiasi gani, tuna nguvu kiasi gani, na tuna mafuta kiasi gani chini ya ngozi. Kwa nini? Ili ajue tu, basi. Tukaitikia kwa heshima. Hakuna hata mmoja aliyeamini.

Jirani yangu Kanyamibwa ndiye aliyetufumbua macho. Anasema watakaoonekana na nguvu wataandikwa majina na kupelekwa Omate kuchimba mawe, mwaka mzima. Ameambiwa na mtu aliyeambiwa na mpagazi. Kisha yeye mwenyewe akavua shati na kujinyoosha kando ya mizani! Hata kuku wakimtazama lazima atunishe kifua.

Mimi siendi Omate. Mke wangu Dancille yuko mwezi wa tisa. Mara mbili tumezaa, mara mbili tumezika. Ile ya kwanza nilikuwa kwenye kazi ya barabara. Niliporudi nilikuta kaburi limekwisha kufunikwa. Safari hii nimemwahidi nitakuwepo. Kwa hiyo nimekata shauri: nitakuwa mtu dhaifu kuliko wote Kashuga. Sidhani kama nitapata shida.

Jumanne, tarehe 8.

Vipimo. Wanaume kumi kwenye mstari, wanawake wamejaa ukutani wakitazama. Nani aliwaita? Kwanza urefu. Kisha kifua, kwa utepe. Kisha koleo la chuma linalobana nyama ya nyuma ya mkono ili kujua unene wa mafuta. Linauma! Nilitoa pumzi yote, nikalegeza mabega, nikatazama chini.

Honoré anasoma hesabu kwa sauti ya kutangaza ndoa kanisani. Kanyamibwa, kilo sabini na moja. Mimi, hamsini na tatu. Wanawake wakacheka. Vizuri sana, ndivyo nilivyotaka. Lakini haikuwa lazima wacheke muda mrefu namna ile.

Mwishoni kila mmoja wetu alipewa kitu cha duara, mfano wa saa ya mfukoni. Tunakiita saa ya miguu. Unakifunga kiunoni, na kila ukipiga hatua ndani kunalia tik, mshale unasogea. Tukae nacho hadi Jumatatu.

Changu nimekitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Na nimeacha maharage. Dancille aliuliza kama ninaumwa, nikamjibu ninafunga kwa ajili ya mtoto. Akaguswa sana. Sasa siwezi hata kuiba kipande cha muhogo.

Alhamisi, tarehe 10.

Njaa. Usiku niliota mchuzi.

Asubuhi Honoré akaingia bila kubisha hodi. Akaisoma saa yangu. Hatua kumi na nne kwa siku mbili! Nadhani hizo ni za mbuzi aliposukuma mlango. Honoré akanitazama, akaitazama saa, akasema, "Papa Evode, hii njo hatua ya muntu mwenye alikufa." Kwamba hata mgonjwa wa malaria hutoka nje kujisaidia. Nikakohoa. Nikasema ni udhaifu tu, nilizaliwa nao.

Jioni akarudi na neno la Daktari. Daktari ana wasiwasi mkubwa. Hajapata kuona mtu wa makamo yangu asiyetembea kabisa. Jumatatu nikiwa vilevile, nitalazwa kwenye machela na kubebwa hadi hospitali ya kule ziwani. Miezi miwili kitandani, chini ya uangalizi.

Miezi miwili! Nikauliza, na wenye nguvu wataenda Omate lini? Honoré alicheka mpaka akashika mlango asianguke. Hakuna anayekwenda Omate. Wenye nguvu watapewa chumvi na asante.

Kanyamibwa! Laiti ningekuwa na nguvu ya kumfuata.

Ijumaa, tarehe 11.

Nina siku tatu za kuwa shujaa. Kutembea? Kwa miguu ipi? Na kula siwezi, Dancille bado anaamini ninafunga kwa ajili ya mtoto. Nimesimama leo asubuhi na nyumba ikazunguka. Nikianguka njiani, machela itakuja mapema zaidi.

Nikawa nimekaa hapo nimekata tamaa, na Dancille akaketi kusuka maziwa apate siagi. Kibuyu kikubwa mapajani, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Nikasikia kichwani: tik, tik, tik!

Nikaifunga saa kwenye shingo ya kibuyu. Nikamweleza kwamba hicho kitu cha Daktari kinaharakisha siagi. Akauliza, "Evode, uko natafuta nini tena?" Lakini akasuka. Siagi ilipotoka, mshale ulikuwa kwenye elfu nne na mia mbili. Nilifurahi sana mpaka Honoré alipopita na kusema kwamba Kanyamibwa anafika elfu ishirini kila siku. Ishirini! Anakwenda wapi huyo mtu?

Jumamosi, tarehe 12.

Dancille anaumwa mgongo, hawezi kusuka. Nilijaribu kuitikisa saa kwa mkono; mkono ukachoka kabla ya elfu moja. Basi nikachukua kibuyu mwenyewe.

Lazima niandike wazi jambo hili. Kwetu mwanamume hasuki maziwa. Anayakamua, anayanywa, anaweza hata kuyasifu. Hayasuki. Nilikwenda nyuma ya migomba, mahali pasipoonekana, nikajaza kibuyu maji ili nisiharibu maziwa, nikaketi. Tangu umande haujakauka hadi karibu saa sita. Mikono inawaka moto. Kiuno kinalia. Sijawahi kufanya kazi hivyo tangu nizaliwe. Elfu thelathini na moja!

Hapo ndipo Kanyamibwa alipotokea, anatafuta mbuzi wake. Akasimama. Akakitazama kibuyu. Akauliza kwa adabu kama siagi iko karibu. Nikamjibu kwamba ni maji tu. Nadhani ningenyamaza ingekuwa afadhali.

Jumapili, tarehe 13.

Kanisa zima linajua. Baada ya misa akina mama walinisalimu mmoja mmoja, "Jambo, Mama Evode," na mmoja akaniuliza kibuyu changu nakisafisha kwa moshi wa mti gani. Wanaume waligeuka pembeni, mabega yanatikisika. Kanyamibwa aliniletea salamu za mke wake.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikamsimulia Dancille, nikitegemea anihurumie. Akacheka. Akacheka hadi akashika tumbo, machozi yakamtoka. Sijamwona akicheka hivyo tangu tuzike mara ya pili. Nikasimulia tena, na safari hii nikaongeza mbuzi.

Jumatatu, tarehe 14.

Siku ya hukumu. Daktari alipiga hesabu kwenye karatasi. Akauliza kupitia Honoré nilikwenda wapi Jumamosi. Nikasema shambani. Kwa hesabu yake shamba langu liko Kalembe, kijiji cha ng'ambo ya vilima na mto, na nilikwenda na kurudi kabla ya saa sita, bila kuonekana na mtu njiani. Hakukasirika. Alijikuna kichwa, akaigonga saa kwa kidole, akaagiza kisanduku kiletwe.

Kisanduku ni hivi: unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, Honoré anagonga debe kutoa mwendo, dakika tano, kisha Daktari anashika mkono wako na kuhesabu mapigo ya moyo. Kanyamibwa alimaliza dakika zote tano na kuomba nyingine. Aliziomba akiangalia ukutani, waliko wanawake.

Mimi, baada ya wiki nzima bila maharage, nilifika nusu dakika. Nakumbuka kisanduku kikinijia usoni.

Uamuzi: saa ni mbovu, mimi ni mgonjwa. Machela inakuja Jumatano. Saa yangu wameichukua.

Nilimweleza Dancille kila kitu, hata ule mfungo wa uongo. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Ulisema utakuwa hapa." Akateleka chungu cha maharage akanisukumia chote. Nikala chote. Nilikuwa na aibu, lakini nilikula.

Jumanne, tarehe 15.

Uchungu ulimshika Dancille asubuhi na mapema, siku kumi kabla ya zile tulizohesabu. Mkunga wetu, Mama Mukankusi, alikuwa kwa binti yake. Wapi? Kalembe!

Nikakimbia. Kanyamibwa akaniona, akauliza kuna nini, nikamwambia. Akanipita akipiga kelele kwamba nirudi, yeye ndiye mwenye kilo sabini na moja. Kwenye kilima cha pili nilimkuta ameketi juu ya jiwe, ameshika ubavu, hawezi kusema. Akanionyesha tu kwa mkono: endelea. Nikaendelea. Miguu sikuisikia. Nilikuwa nasema moyoni jambo moja tu, kwamba safari hii kaburi hapana.

Mama Mukankusi alikuwa anakula. Akasema watoto wa kwanza hawana haraka. Nikamkumbusha kwamba huyu si wa kwanza, ni wa tatu. Akanawa mikono papo hapo. Kwenye vilima nilimvuta, mtoni nilimbeba mgongoni, naye akinipiga begani kwamba nisimloweshe. Naapa ana kilo nyingi kuliko Kanyamibwa.

Tulifika kabla ya jua kuzama. Nikakaa nje, karibu na mlango. Nikasikia kilio. Mtoto wa kike. Mzima! Dancille naye mzima. Nililia hapo kwenye vumbi, wala sijali nani aliniona. Kanyamibwa aliniona. Alikuwa amekuja anachechemea, na kuku mkononi, na yeye pia alikuwa analia, mjinga yule.

Jumatano, tarehe 16.

Machela ilifika. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mtoto mikononi. Mama Mukankusi akamweleza Daktari yote, hata mto. Daktari akasikiliza moyo wangu, akashika mkono wangu, akahesabu, akahesabu tena. Nikaomba iandikwe: Kashuga, Kalembe, Kashuga, sehemu ya njia na mzigo. Honoré akasema bila saa hakuna hesabu. Siku moja niliyotembea kweli, na saa iko sandukuni kwao!

Daktari akatabasamu. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina langu. Maana yake, hesabu za mtu huyu zisitumike. Siendi hospitali! Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Walipoondoka ndipo nilipofikiri vizuri. Kanyamibwa atakwenda Ulaya ndani ya kitabu, kifua na kilo zote. Mimi ni mstari.

Ijumaa, tarehe 18.

Tumemwita Adelaïde. Ana vidole virefu na sauti kali. Dancille analala na mkono juu yake, nami nalala na jicho moja wazi. Leo nimesuka maziwa, mlango umefungwa. Dancille asichoke.

Habari mpya: Jumatatu Daktari atapima watoto wachanga wote, kwenye mizani ndogo, mbele ya kanisa. Honoré atasoma kilo kwa sauti. Kanyamibwa ana mjukuu wa wiki mbili. Anapita nyumba kwa nyumba akisema huyo si mtoto, ni gunia.

Jumapili, tarehe 20.

Nimefikiri sana kuhusu wiki hii. Nimeomba msamaha kwa Mungu, kwa Dancille, na kwa kibuyu. Nimeahidi kwamba sitachezea tena vipimo vya Daktari, kwa sababu udanganyifu wangu ulikaribia kunitenga na mtoto wangu. Nimeahidi kwa moyo wote.

Lakini mimi niliahidi vipimo vyangu. Hivi ni vya Adelaïde.

Leo jioni nimejaribu kumfunga kwa ajili ya kesho. Nguo tatu, na ndani ya ile ya tatu kiazi kitamu. Kimoja tu, cha wastani. Dancille amempapasa, akauliza mbona mtoto ana nundu mgongoni. Nimemwambia ni mafuta.