Kipepeo Amegoma Kula

Jumanne, 5 Machi
Samaki amefika salama. Kipepeo wa baharini, mistari ya rangi ya shaba, mdomo mrefu kama kibano cha fundi saa. Muuzaji alinionya kwamba aina hii inachagua sana chakula, afadhali nianze na samaki mwepesi. Nikamwambia mimi si mtu wa wepesi. Kisa chenyewe ni mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Samaki wake wanamlia mkononi, na picha zake tumeshaonyeshwa hadi tumezikariri. Jumapili wanakuja kututembelea. Wangu naye atakula mkononi.

Nimemtilia kamba wa barafu. Kawatazama, kanigeuzia mkia.

Jumatano, 6 Machi
Hajala. Nimewaloweka kamba kwenye kitunguu saumu, eti huamsha hamu. Hamu iliyoamka ni ya mke wangu, aliyeuliza napika nini. Kutoka kazini nimempigia simu mara nne kuuliza hali ya samaki. Mara ya tano hakupokea.

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu mpya: kioo. Akidhani ana mpinzani, atakula kwa wivu. Nimeegemeza kioo cha mke wangu ubavuni mwa tangi. Samaki kajiona, kakimbilia nyuma ya jiwe, hakutoka hadi jioni. Mke wangu anataka kioo chake. Amesema pia nikae chini, nizime hiyo tochi ninayommulikia, nimwache kiumbe wa watu apumue.

Nimekaa. Dakika mbili hivi. Kisha nikaona pampu imekaa upande. Kuisogeza kidogo tu, maji yakafika kwenye zulia.

Ijumaa, 8 Machi
Siku ya nne. Tumbo limeanza kubonyea. Sikutarajia kitu kidogo kama hiki kiniume hivi. Ofisini nimepanga majalada ya herufi M chini ya N.

Muuzaji anasema dawa ni chaza hai: unamfungua, unamweka tangini na gamba lake, kipepeo adokoe. Mke wangu hushona nguo hapo hapo sebuleni, akasema atamweka yeye. Jambo zito namna hii haliachiwi mtu. Nikaenda kwa Mkuu wa Masjala, mama mtaratibu ambaye hata mlango huufunga kwa mikono miwili, nikaomba ruhusa ya nusu siku. Nikamwambia nina mgonjwa nyumbani, siku ya nne hajatia kitu mdomoni. Si uongo. Akauliza kama ni mtoto. Nikasema ni mdogo, ndiyo. Akanishika bega. Roho ilinisuta hadi mwisho wa ngazi, halafu nikatoka mbio.

Chaza nimemweka kushoto. Nikamhamishia kulia. Nikamrudisha kushoto. Samaki kwenye pembe, hoi.

Jumamosi, 9 Machi
Saa nne asubuhi hodi mlangoni. Mkuu wa Masjala, na mfuko wa machungwa, amekuja kumjulia hali mgonjwa. Mke wangu kamkaribisha kabla sijawahi kutoka jikoni.

"Mgonjwa wetu yuko wapi?" akauliza.

Mke wangu, ambaye sikuwa nimemwambia lolote, akanyoosha kidole. "Huyo hapo, mama. Leo siku ya tano."

Mkuu akaketi mbele ya tangi, mfuko mapajani. Nami nikaketi kando yake. Sikuthubutu hata kukohoa. Cherehani nayo ilikuwa imenyamaza. Tulikaa hivyo kama nusu saa.

Kipepeo akachungulia nyuma ya jiwe. Akatoka. Akamzunguka chaza, akainamisha kichwa, akapenyeza mdomo ndani ya gamba, akanyofoa. Tena. Na tena. Machozi yakanilenga, sijui ya aibu au ya nini.

"Anakula," Mkuu akasema polepole. Kisha akasema Jumatatu nipite kwake kabla sijaketi mezani. Machungwa ameondoka nayo.

Jumapili, 10 Machi
Mwanyumba amekuja. Nimemsimulia kwa kusimama, nikionyesha kwa mikono mdomo ulivyoingia. Nimegonga kioo cha tangi kumwita samaki. Hakutoka saa zote tatu za ziara. Mwanyumba akauliza, kwa upole wake ule unaoudhi, kama tangi lina samaki kweli.

Walipoondoka mke wangu akasema, "Jana alikula kwa sababu ulitulia. Basi, hakuna kingine."

Mke wangu hupenda majibu mepesi. Mimi nimelichunguza: ni harufu ya machungwa. Nimenunua matatu, nimeyakata na kuyapanga juu ya tangi.

Jumatatu, 11 Machi
Barua ya onyo. Ya kwanza katika miaka kumi na moja. Majalada ya watumishi ni kazi yangu, kwa hiyo nimeipachika mwenyewe kwenye jalada langu na kuiandikia namba. Mkuu alisimama hapo hadi nilipomaliza.

Kurudi nyumbani nakuta chaza wawili niliowaweka asubuhi wameliwa wakabaki magamba. Mke wangu anasema wameisha mchana, yeye akishona. Machungwa hayo!

Jioni nimepita kwa muuzaji. Ana farasi wa baharini wawili, mke na mume. Amesema hao ni wagumu kuliko kipepeo, wanataka tangi lao peke yao na mtu mtulivu, la sivyo hawali. Nimemwambia kwa utulivu hapati wa kunishinda. Alikuwa bado anaeleza wanakula nini nilipoondoka mbio, mfuko wa maji ukinirukaruka mkononi.