Shangazi Wawili Ndani ya Nyumba Moja

Ndugu Mwenyekiti,
Kundi la Wapiga Picha za Mzunguko.

YAH: KUVUNJIWA HESHIMA KWA KUAMBIWA UKWELI

Natumaini u mzima. Mimi najikongoja.

Wiki iliyopita niliweka kundini ziara ya mtandaoni ya nyumba ya shangazi yangu, zile picha ambazo mtu anazizungusha kwenye simu akaona chumba chote, sakafu hadi dari. Shangazi anatafuta mpangaji ili ahamie kwa bintiye. Nikaomba maoni. Ndugu Mwenyekiti, kuomba maoni ni adabu tu, kama kumkaribisha mtu aliyekukuta unakula. Mwenzetu tunayemwita Mzee Lenzi akanawa mikono, akakaa.

1. Alisema sebule imeinama. Nilimjibu kwa upole kwamba sebule ni ya shangazi, na shangazi ni mtu mnyoofu.

2. Alisema shangazi anaonekana mara mbili, mlangoni na kwenye kochi. Ni kweli alihama huku kamera ikizunguka, maana chai ilikuwa inafurika. Lakini nani kaumia? Mpangaji atapata wenye nyumba wawili kwa kodi ya mmoja.

3. Alisema kwenye kioo cha kabati naonekana nimejificha nyuma ya pazia, makalio nje. Kundi zima likatuma vicheko. Mke wangu naye alituma. Mke wangu hakuwa mwanakundi. Aliomba kuingizwa ili acheke.

4. Tangu siku hiyo shangazi anapigiwa simu na watu wanaomuulizia pacha wake. Nyumba haiulizwi.

Kwa hiyo naomba maoni yote yapite kwako kwanza, yachujwe, zibaki pongezi. Ikishindikana, Mzee Lenzi ahamie nyumba hiyo yeye mwenyewe, akae humo mpaka aione imenyooka.

Nisalimie wanakundi wote, mama watoto na watoto. Mzee Lenzi naye msalimie, ila kwa ufupi.

Wako mtiifu, mwenye kinyongo kidogo,
Mpiga Picha.

Tanbihi: Mwenyekiti, hapa naandika mimi, mkewe. Jana kabla hajaifunga bahasha alirudi kuitazama ziara yake ili apate ushahidi. Akaizungusha toka mlangoni hadi jikoni, akashika ukuta, akatapika. Mpaka sasa anadai kitanda kinaelea. Shangazi aliposikia alimpigia Mzee Lenzi mwenyewe. Mzee huyo yuko nyumbani kwa shangazi tangu asubuhi, anapiga picha upya kila chumba, na shangazi amekatazwa kuinuka. Mume wangu amenituma nikuulize, kwa siri, kama Mzee Lenzi anahitaji mtu wa kumbebea begi la kamera.