Gramu Mia za Nanaa

Jumatatu, 4 Novemba

Kliniki na mke wangu asubuhi. Mkunga kamchoma kidole, kaangalia kijimashine chake, kakunja uso. Damu imepungua. Mimba ya miezi saba haitaki mchezo, kasema. Kampa vidonge vya madini ya chuma, kamwambia ale majani ya kijani, arudi baada ya wiki mbili. Ikishuka zaidi atalazwa hospitali kubwa hadi ajifungue. Mke wangu akaitikia kwa kichwa. Ni mwalimu wa hesabu. Habari mbaya huipokea kama jibu la swali, anaiandika, anaendelea. Mimi sikuweza. Mtoto wetu wa kwanza hatukukaa naye hata wiki.

Tuliporudi tukamkuta mama mkwe mlangoni. Mfuko mmoja wa nguo, vikapu viwili vya spinachi. Nani kamwambia? Mke wangu anatazama dari. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu kaja na jembe lake. Kufika jioni sufuria zote zimehamia rafu nyingine na kila sahani ni ya kijani. Atakaa, kasema, mpaka damu ipande.

Sasa, siri. Ukutani kliniki kuna bango la vyakula. Mkunga akichoma, mimi nasoma. Gramu mia za nanaa mbichi zina madini ya chuma karibu mara mbili ya gramu mia za spinachi. Nanaa! Nami uani ninayo katika makopo manne ya rangi, inaota bila kuombwa. Nikiipandisha damu kwa nanaa, mke wangu atapata nguvu, mtoto atakuwa salama, na mama mkwe atapanda basi kurudi kwake. Mambo matatu kwa jani moja.

Jumatano, 6 Novemba

Nimetangaza wakati wa chakula cha mchana. Kwa upole, kama mtu asiye na lake. Nikasema kwamba kwa uzito ulio sawa, nanaa inaiacha spinachi mbali. Mama mkwe akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: gramu mia za nanaa ni kiasi gani?

Mimi ni fundi mizani. Kuniuliza hivyo ni kumuuliza samaki habari za maji. Nikaleta mizani kutoka chumba cha mbele, ndiyo karakana yangu, nikaenda uani na mkasi. Kopo la kwanza: mshale hata haukushtuka. La pili. La tatu. Nilipomaliza la nne, makopo yamebaki vijiti, majani yanamwagika mezani, na mshale haujafika mia. Mama mkwe akainuka, akashika kifungu kimoja cha spinachi kwa mkono wa kushoto, akayaondoa majani yangu kwenye mizani, akakiweka pale pale. Mshale ukaipita mia bila kusimama.

Mke wangu akauliza kile kilima cha nanaa atakila nani. Nikasema si kazi, nitaonyesha mfano. Konzi ya kwanza, sawa. Ya pili, machozi. Ya tatu sikuimaliza. Alasiri mwenye bucha kaleta mizani yake nitengeneze, kaniuliza kama nimemeza dawa ya meno.

Hata hivyo bango halikusema uongo. Hilo ndilo linaloniuma. Nina haki, lakini haki yangu haitafuniki.

Ijumaa, 8 Novemba

Mama mkwe hupima spinachi yake kila asubuhi kwa mizani ndogo ya jikoni, ile niliyompa mke wangu tulipooana. Wazo: nilegeze skrubu kidogo, spinachi ionekane nyepesi. Nani angejua? Yeye na mke wangu wakiwa uani nikaifungua, nikashika bisibisi. Nikakaa nayo muda mrefu. Miaka yote nimewaambia wauza nyama na wauza sukari kwamba mizani ni kiapo. Nikaifunga kama ilivyokuwa. Nikaipangusa vumbi, basi.

Mama mkwe akaingia, akanishukuru kwa kuisafisha. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 12 Novemba

Nimepata. Kisicholika hunywewa. Nanaa nimenunua sokoni, vifungu kwa vifungu. Naichemsha na majani mengi ya chai, mpaka iwe nyeusi kama lami, sukari kidogo. Kikombe kimoja kwa kila mlo, kingine cha kusukumia vidonge. Mke wangu kaipenda. Anasema inamwondolea kichefuchefu, tena na harufu ya spinachi.

Mama mkwe naye ameanza kuitia spinachi kwenye mayai, kwenye maharage, kwenye unga wa mkate. Jana nimeikuta ndani ya uji. Kila akiongeza jani, naongeza kikombe. Mke wangu anakula, anakunywa, anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Naona nashinda. Leo nimemfuma mama mkwe jikoni, kajibanza nyuma ya mlango, anakunywa chai yangu huku kafumba macho.

Jumatatu, 18 Novemba

Kliniki tumekwenda watatu, na mama mkwe. Damu haijapanda. Imeshuka. Kidogo, lakini imeshuka.

Mkunga akauliza kama vidonge anameza. Kila siku. Na majani anakula? Mke wangu akasema anayala hata ndotoni. Anasukumia na nini? Chai, akasema, ya nanaa. Mkunga akaweka kalamu chini. Nanaa haina kosa, akasema. Kosa ni majani ya chai. Chai nzito namna hiyo, pamoja na chakula, pamoja na vidonge, inayazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mama huyu anapewa kwa mkono huu, ananyang'anywa kwa mkono ule. Nani alimshauri?

Nikatazama viatu vyangu. Vilihitaji rangi. Nikangoja mama mkwe aseme. Haki alikuwa nayo, na wasikilizaji alikuwa nao.

"Chai hiyo nilimmiminia mimi pia," akasema. "Kikombe cha pili mara nyingi kilitoka mkononi mwangu."

Nilitaka kumtazama, nikashindwa.

Mkunga katupa wiki mbili nyingine, za mwisho. Vidonge kwa maji ya chungwa. Chai isikaribie mlo. Nyumbani mke wangu akakaa, akavua viatu, miguu imevimba, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Hakupaza sauti.

"Nyinyi wawili mnapikiana," akasema. "Mimi ni sufuria tu."

Akaenda kujilaza. Sisi tukabaki tumesimama sebuleni kama watu waliokosea nyumba.

Alhamisi, 21 Novemba

Tumepigwa marufuku jikoni, mimi na mama mkwe. Mke wangu anapanga sahani yake mwenyewe. Sisi tumeachiwa machungwa. Tunakaa kwenye ngazi za uani, yeye anakata, mimi nakamua.

Leo kazungumza, macho kwenye kisu. Kwa yule mtoto wa kwanza, kasema, alichelewa. Alifika siku ya mazishi. Tangu hapo simu ikilia moyo unamruka kabla hajaishika. Aliposikia damu imepungua aliingia bustanini, akachuma alichokikuta mbele yake. Ilikuwa spinachi. Ingekuwa kabichi angebeba kabichi.

"Sikujua la kufanya, mwanangu," kasema. "Nilijua la kubeba tu."

Nikamwambia nami lile bango nililisoma kwa sababu sikuweza kutazama kidole cha mke wangu kikichomwa. Akatikisa kichwa polepole. Akanipa nusu chungwa nyingine. Nikafikiri: mwezi huu wote nimeshindana na mtu ambaye hofu yake ni ile ile yangu, tofauti ni kikapu. Nikataka kumwambia hivyo, nikaishia kumwambia machungwa haya yana maji mengi. Akasema ndiyo, yana maji mengi.

Jumatatu, 2 Desemba

Imepanda. Mkunga kapima mara mbili kwa sababu mimi nilimwomba. Mama akaomba mara ya tatu, mke wangu akaficha mkono mgongoni. Hospitali kubwa haihitajiki tena. Atajifungulia hapa hapa. Alipotoka mlangoni alisimama akavuta pumzi ndefu, mkono tumboni. Ndipo nikajua alikuwa anaogopa kuliko sisi wote, na hakuna aliyemuuliza.

Tulikwenda nyumbani taratibu. Mama akasema, tusidanganyane, spinachi nayo imechangia. Nikasema nanaa yenyewe mkunga aliisafishia jina mbele ya watu. Akasema gramu mia za nanaa ni mzigo wa punda. Nikasema spinachi ikipikwa inabaki kijiko. Mke wangu akaongeza mwendo, akatuacha nyuma.

Jumamosi, 28 Desemba

Msichana. Juzi asubuhi. Analia kama mwenye nyumba anayedai kodi. Mama yake mzima, kachoka, anacheka ovyo. Waliponipa nimshike nikajaribu kukisia uzito, mazoea ya kazi. Kwa mara ya kwanza maishani nimeshika kitu nisichoweza kukipima.

Nimekaa nikatafakari mambo yote ya miezi hii. Nimeamua: hila basi. Mashindano basi. Mtu mzima hujifunza.

Sasa kuna suala la maziwa. Mama mkwe anasema dawa ya maziwa mengi ni majani ya maboga. Tangu asubuhi kaondoka na kikapu. Sikumbishia. Nimemheshimu. Lakini nikiwaza kwa utulivu, bila ushabiki wowote, sidhani kama majani ya maboga yanafua dafu mbele ya shamari mbichi, lile jani la harufu tamu wanalouza pale kwenye kona. Kwa uzito ulio sawa, lakini. Nimenunua vifungu vitatu, nimevificha karakana.

Kosa la kwanza nalijua vizuri na sitalirudia. Chai, hapana. Shamari nitaichemsha kwenye kahawa.