Firigisi za Moroko

Jumatatu, 3 Machi 2025

Habari kubwa. Mzee Wangwe ameamua kupangisha fremu yake ya biashara pale Bomani, ile inayotazama stendi. Tunaoitaka ni wawili: mimi, na Winfrida muuza ugali. Mzee hataki maneno mengi. Jumamosi atakula kwa Winfrida, Jumapili atakula kwangu. Atakayemlisha vizuri atapewa ufunguo.

Winfrida anapika kwenye kibanda cha mabati tangu sijaanza kunyoa ndevu. Namheshimu. Lakini dunia imesonga. Mimi nimeona video kwenye simu: kuku wa Kimoroko, kwa viungo na matunda makavu. Mpishi alisema ni rahisi, na hakutoka jasho hata tone.

Shangazi Robi, ninayeishi kwake, ameuliza Moroko ni upande gani wa Sirari, pale mpakani. Nimemwambia ni mbele zaidi. Amesema nikikosa fremu hii narudi Kemambo kulima mihogo na baba. Mimi na jembe hatujawahi kuelewana. Nimemjibu kwamba fremu ni kama nimeshaipata. Jioni majirani wamenipa hongera. Nimezipokea.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda dukani kwa Abdurahmani, muuza viungo. Nikaulizia aprikoti kavu, tunda la kwenye video. Akauliza inatibu nini. Hana. Mwezi huu wa Ramadhani ana tende, na nyuma ya tende ana tende nyingine, na zabibu kavu kidogo. Nimechukua. Tunda kavu ni tunda kavu.

Alinishauri nitoe kokwa kabla ya kupika. Nikamwambia kwenye video sikuona mtu akitoa kokwa. Akasema labda zilitolewa kabla ya video. Wivu uko kila mahali, hata kwa waliofunga.

Nikapita kwa Winfrida kupeleleza. Akanikaribisha uji. Nikauliza, kama mtu asiye na haja, Jumamosi atampikia mzee nini. Kuku wa kuchemsha na ugali wa muhogo. Viungo gani? Chumvi. Nilimwonea huruma njia nzima. Uji ulikuwa mzuri.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejificha kwa fundi baiskeli na kuchungulia. Kabla ya chakula Winfrida alipiga goti akampa mzee kisosi kilichofunikwa kwa kisosi kingine. Ndani, firigisi. Mzee akaitafuna polepole, macho ameyafumba. Ujanja wa kizamani!

Nilipomsimulia shangazi, akasema huo si ujanja, ni adabu. Kuku akichinjiwa mzee, firigisi ni yake, na kumnyima ni kumtukana mbele ya watu. Akanisihi nisisahau. Nikamwambia nimesikia. Ni kweli, nilisikia.

Jumapili, 9 Machi

Naandika kwa utulivu.

Asubuhi nilichinja jogoo wa kienyeji, mkubwa, mwenye hasira. Kwenye video kuku alitoka kwenye pakiti, hakuwa na firigisi. Kwa hiyo nikakosa mahali pa kuiweka katika mapishi ya Kimoroko. Nikaibanika pembeni kwenye mkaa huku nikiwaza la kufanya. Ikaiva kabla sijamaliza kuwaza. Nikaila.

Kitunguu, tangawizi, bizari, mdalasini, asali, zabibu, tende. Video ilisema kuku ataiva chini ya saa moja. Mchana jogoo alikuwa bado anabisha. Ila tende! Zilivimba, zikawa nyeusi, zinang'aa kwa mchuzi. Nilizitazama nikasahau mihogo yote ya Kemambo.

Mzee Wangwe akafika hapa kwa shangazi na fimbo yake. Shikamoo, marahaba, akanawa. Kisha akachukua upawa akaanza kupekua sufuria bila haraka. Nikajua anatafuta nini. Nikaanza kuomba kimoyomoyo. Ghafla uso wake ukachanua. Alikuwa ameopoa kitu cheusi, cha mviringo, kinang'aa. Akasema mura huyu, kijana huyu, ana adabu, wazazi wake hawakupoteza muda. Akakitia chote mdomoni, akauma.

Sauti tuliisikia wote.

Alitema kokwa kwenye kiganja, pamoja na kipande cha jino. Akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini firigisi haikupasuliwa ikatolewa mawe. Nilikuwa na njia mbili. Niseme ni tende, aulize firigisi iko wapi. Au nikubali kwamba sikuisafisha. Nikachagua ya tatu. Nikamweleza kwamba firigisi za Moroko ndivyo zilivyo, tamu nje, jiwe ndani.

Mzee akatazama tena ndani ya sufuria. Akauliza jogoo mmoja wa Moroko ana firigisi ngapi.

Shangazi alitoka nje, akarudi amefuta macho. Mzee alifunga kipande cha jino kwenye leso na kwenda zake. Hakuniaga. Nimeumia, tena sana.

Jumanne, 11 Machi

Winfrida amepewa ufunguo. Shangazi amezikunja nguo zangu yeye mwenyewe, vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo limeniliza.

Jioni Winfrida akaja. Hakucheka. Alionja mchuzi uliobaki, akasema mchuzi hauna kosa, mwenye kosa ni mpishi. Fremu ni kubwa, anataka mtu wa kufagia na kuosha masufuria. Jumamosi mtu huyo anaweza kupika kuku wake wa tende, kokwa zikiwa nje na firigisi ikiwa kwenye kisosi. Nikamjibu kwamba nahitaji muda wa kufikiri. Nikafikiri mpaka alipofika getini, nikamkimbilia.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza kazini. Ufunguo nakaa nao mimi, kwa sababu mfagiaji hufika kabla ya wote. Nimewaambia majirani kwamba leo nimefungua mgahawa Bomani. Si uongo. Mlango niliufungua mimi, kwa mkono wangu.

Wamefurahi sana. Nimewaalika wote waje kula Jumamosi, bure, kama ishara ya shukrani ya mwenye mgahawa. Winfrida nitamjulisha hiyo Jumamosi, wakishakaa.