Ombi la Kutunzwa kwa Masharti ya Injini

Kwa Baba Mdogo, mwenye mashine ya kusaga,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umekupa nafuu. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mjukuu wako alitimiza miezi minne juzi, amenenepa, na usingizi ameutangazia vita.

Ninayeandika ni mimi, mke wa fundi wako. Kwa mdomo nimejaribu, na mdomo umechoka. Lalamiko langu ni juu ya injini yako. Simsemi mtu vibaya. Mume wangu, mwanao, ni mwema, hanywi, hapigi, hazururi. Nilimchagua mwenyewe na sijuti. Lakini tangu ulipoandika yale masharti manne kwa rangi nyekundu ukutani pale mashineni, anayafuata kama sala. Nami nayasoma kila asubuhi ninapojaza pipa la maji ya kuipoza injini, na kila nikiyasoma naona haki haipo. Nayapanga kwa namba ili usipate tabu.

1. Sharti lako la kwanza linasema injini ikiwashwa iachwe ingurume polepole dakika kumi bila mzigo, mafuta yafike kila mahali na chuma kipate joto taratibu. Sina neno. Mume wangu husimama hapo, kiganja ubavuni mwa injini, anaisikiliza. Mteja akimharakisha humwambia, ndugu yangu, hiki ni chuma, si mbuzi wa kuburuzwa. Mimi nikifumbua macho tu, mguu haujagusa chini, naulizwa chai iko wapi, shati liko wapi, na mtoto analilia nini. Mzigo wote, tena ningali baridi.

2. Sharti la pili, injini isizimwe ghafla ikiwa ya moto. Mkanda unaozungusha kinu utolewe, izunguke yenyewe dakika kumi nyingine huku maji yakiipoza, na fundi asiondoke hapo wala asishike kazi nyingine. Baba, mimi tangu niolewe sijapozwa. Nikitoka kufua naingia jikoni, nikitoka jikoni natoka na ndoo. Huwa nazimika papo hapo nilipo. Jumanne nilizimika nimeshika mwiko, nikaamshwa na harufu.

3. Hili ndilo lililoniuma. Sharti la tatu, siku za baridi injini isaidiwe kwa maji ya moto ndipo iwashwe. Maji hayo, Baba, ni yale niliyomchemshia mtoto ya kuoga. Siku ya pili nilimwuliza mwenzangu mtoto aoge nini. Akanijibu kwa upole, maana ugomvi hajui, kwamba mtoto anaweza kungoja jua, lakini injini haina subira. Mtoto ana miezi minne. Injini ina miaka kumi na tisa. Mtu mzima hapo ni nani?

4. Blanketi. Hili hukuliandika, amelibuni mwenyewe. Lile la bluu ulilomletea mjukuu wako alipozaliwa ndilo linalofunika injini. Anasema ikilala wazi, asubuhi hendeli ya kuiwashia itamvunja mkono. Basi mtoto anafunikwa kanga yangu, na mimi najifunika subira.

5. Sharti la nne linasema injini ya moto isimwagiwe kamwe maji ya baridi, kichwa chake kitapasuka. Jumamosi nimemaliza ndoo kumi na mbili za pipa lilelile, mtoto mgongoni, jasho hadi kisogoni, mwanao akanipokea mlangoni na habari kwamba mawifi zangu wawili wako njiani, watakaa wiki tatu. Hayo kama si maji ya baridi ni nini? Nilimwambia angoje kwanza nipoe. Akaniangalia kama mtu aliyesikia mkanda umekatika.

Nilimpelekea mama mkwe shauri hili. Alicheka mpaka akafuta machozi, akasema, mwanangu, mwanamke akishawashwa ameshawashwa, kuzimwa hakuna. Namheshimu sana, ila hilo nimelikataa.

Kwa hiyo naomba hivi. Chini ya sharti la nne ukutani bado pana nafasi. Uje uandike kwa mkono wako, maana wangu hauogopwi, kwamba mimi ni injini yako ya pili na masharti yote yananihusu. Dakika kumi asubuhi bila mzigo, dakika kumi jioni za kupoa. Akitaka kuniwekea kiganja ubavuni kupima joto, sitakataa. Kama cheo cha injini kinanizidi, niandike kipuri. Hata vipuri hukaa rafuni vikapumzika.

Ikishindikana, basi injini ihamie nyumbani ilale upande wangu wa kitanda, kwa kuwa blanketi tayari inalo, nami nihamie mashineni. Kule hakuna anayekugusa kabla dakika kumi hazijaisha. Kusaga nitajifunza. Kunguruma tayari naweza.

Sijaandika kwa hasira. Nimeandika mtoto akiwa mapajani, ndiyo maana mistari imepinda. Nisalimie Mama Mdogo, wadogo zetu wote, na yule jirani yenu mwenye kikohozi. Mwambie namwombea.

Ni mimi mkweo, mwenye heshima zote na uchovu wote,
Mama wa Mjukuu Wako

N.B. Barua ilikuwa haijaingia kwenye bahasha. Leo mtoto amelia tangu saa tisa alasiri bila kituo, nikambeba hadi mashineni nikamkabidhi baba yake. Mwenyewe alikuwa ametoa mkanda, injini inapoa, hana ruhusa ya kwenda popote. Akakaa kwenye benchi na mtoto kifuani, mbele ya ule mngurumo wa polepole. Baba, mtoto alinyamaza kabla sijageuka. Nami nikajiegemeza kwenye magunia ya pumba, nijinyooshe kidogo tu. Kilichoniamsha ni ukimya. Dakika kumi zimeisha, injini imezimwa, na mtoto ameanza kulia upya.

Kwa hiyo nakuomba uzifute hoja zote za juu, na ukutani usiongeze mstari hata mmoja. Badilisha tarakimu tu kwenye sharti la pili: palipo na kumi, paandike arobaini na tano. Maji ya kupoza nitaongeza mimi.