Naomba Mlezi Wangu Aitwe Mbele ya Kamati Yako

Kijijini kwetu, jirani na Sapiwi,
Bariadi.

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Chakula cha Shule,
Bwana Maganga Shigela.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye tukiwa nyumbani ningekuita shemeji,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta umeshakula, maana nimesikia kamati yako haisomi maombi ya watu ikiwa na njaa.

Mimi ni Rhoda Jilala, mjane wa kaka yako Masunga. Najitambulisha kwa sababu siku nilipoleta ombi langu uliniuliza mbele ya wajumbe, "Mama, wewe ni mkazi wa hapa?" ilhali ni wewe uliyekuja kwetu Kasoli kunichumbia kwa niaba ya kaka yako, ukala kuku wa mama yangu mpaka mifupa. Nimeelewa kwamba mtu akikalia kiti cha ofisi macho yake hubadilika. Pole kwa hilo.

Malalamiko yangu nimeyapa namba, kama Mwalimu Keneth anavyotufundisha.

1. Kuhusu tembo. Mahindi yangu yalikuwa yameshabeba walipotoka porini wakaingia shambani. Asubuhi palikuwa pamelala kama pamepita trekta. Kwa hiyo sikuwa na debe la kuchangia chakula cha shule, nikaomba binti yangu Jenifer, wa darasa la nne, asamehewe mchango ale na wenzake. Kamati ikataka uthibitisho. Mtendaji wetu, ndugu Constantine, akaniuliza, "Uliwapiga picha wakiwa wanakula?" Nikamwambia nilikuwa natimua mbio. "Sasa tutajuaje kwamba ni tembo na si uvivu?" Nilimpeleka shambani, nikamwonyesha nyayo na mavi yao. Alikiri kwamba mavi ni makubwa, ila hayana mhuri.

2. Kuhusu binti. Ombi langu lilipokuwa linasubiri kikao, na kikao kinasubiri akidi, Jenifer alisimama kwenye mstari na sahani yake. Ukamtoa wewe mwenyewe, baba yake mdogo. "Kaa pembeni, mama yako hajachangia." Wenzake wakala makande, yeye akapewa ufagio afagie uwanja ili asikae bure. Alinisimulia jioni. Nilitoka nikaenda kukaa zizini, ambako siku hizi hakuna hata ndama, nikalia mpaka nikajionea aibu. Baadaye niliiona busara yenu: mtoto mwenye njaa asipopewa ufagio anaweza kuanza kufikiri.

3. Kuhusu elimu yangu. Ombi la pili lilirudishwa kwa kuwa halikuwa na "Yah" wala kumbukumbu namba. Ulisema, "Huyu angesoma angalau sekondari, tungemsikiliza." Wajumbe wakacheka. Ni kweli sikusoma. Nilifaulu kwenda kidato cha kwanza, lakini mwaka huohuo ng'ombe wa mahari walifika kwetu, na wao ndio waliopata nafasi. Nakumbuka sura ya kijana aliyekuwa anawaswaga. Alikuwa na fimbo ndefu na tabasamu pana, na leo ni mwenyekiti wa kamati.

Hata hivyo sikubisha. Ushauri wako niliuchukua kama ulivyo, nikaenda kujiandikisha darasa la watu wazima, analolifundisha Mwalimu Keneth alasiri palepale shuleni. Tunajiandaa na mtihani wa maarifa, ule unaomfungulia aliyekosa sekondari njia ya kufika kwenye mtihani wa kidato cha nne. Darasa ni zuri. Madawati ni ya watoto, magoti yanagusa kidevu, lakini kichwa hakiumii.

4. Kuhusu umri wangu. Siku ya kujiandikisha fomu za watu wazima zilikuwa zimekwisha, nikapewa ya watoto, nayo ilitaka sahihi ya mzazi au mlezi. Nikaeleza kwamba nina mvi, na kwamba wazazi wangu wote wameshazikwa. Nikajibiwa, "Fomu haiachwi wazi, mama. Tafuta mlezi." Nikaja kwako, kwa kuwa tangu msiba wa Masunga umekuwa ukiwatangazia watu vilabuni kwamba mimi na mwanangu tuko mikononi mwako. Ulisaini bila kusoma, ukiwa juu ya pikipiki, injini inanguruma. Wabeja, asante sana.

5. Hapa ndipo penye ombi. Mimi sasa ni mwanafunzi halali. Utaratibu uliousoma kwenye mkutano wa kijiji unasema kila mwanafunzi atachangiwa chakula na mzazi au mlezi wake. Haukusema mwanafunzi asiwe na mvi. Mlezi wangu ni wewe, kwa hiyo debe langu ni juu yako. Jenifer naye ni mtoto wa mtoto unayemlea, na mtoto hawezi kumchangia mtoto, kwa hiyo debe lake pia ni juu yako. Mlezi asiyechangia, mlisema, ataitwa mbele ya kamati ajieleze. Naomba basi umwandikie Maganga Shigela barua ya wito, umtume mgambo aipeleke nyumbani kwako, na siku ya kikao ukae kwenye kiti chako umuulize kwa nini ghala lake limejaa na watoto anaowalea wanafagia uwanja. Akisingizia tembo, mdai picha.

6. Na asipofika? Mtoto wa mlezi mkaidi anakaa pembeni, ndivyo mlivyoamua. Nitakuja kukaa pembeni kila mchana. Sare nimeshaanza kuishona, shati jeupe na sketi ya bluu, na ufagio ninao. Wageni wa wilayani wakiuliza huyu mama mwenye sare anafagia nini, nitanyoosha mkono kwanza, kisha nitawajibu.

Kama kuna neno lililokukwaruza, nisamehe. Mwalimu Keneth anasema tumemaliza somo la heshima, sasa tuko kwenye hoja.

Wasalimie wajumbe wote, waliocheka na waliosinzia. Msalimie ndugu Constantine pamoja na mhuri wake. Msalimie pia mkeo Flora, ambaye moshi wa jiko la shule unammaliza macho kila zamu yake ya kupika.

Aliyekaa pembeni kwa utii,

Rhoda Jilala,
mjane wa kaka yako na mwanafunzi unayemlea.

Nyongeza: Shemeji, nilikuwa nimeshakunja karatasi Jenifer alipoomba aisome. Akaisoma yote, akacheka alipofika kwenye sare, kisha akaificha mgongoni. "Mama, usiipeleke." Kumbe tangu siku ile aliyofukuzwa mstarini, Flora humwita nyuma ya jiko, humpakulia makande ya chini ya sufuria, pale maharage yanapotuama, na amemkataza kuniambia kwa kuwa nina mdomo. Mimi nilidhani anakataa ugali wangu wa jioni kwa kunionea huruma, kumbe mtoto ameshiba. Nimemuuliza kama wale walio mstarini nao hupata maharage. Anasema wengi wao hupata mchuzi.

Kwa hiyo lile ombi langu la Jenifer kusamehewa mchango naomba mlikatae, tena kwa maandishi, asije mjumbe mwenye huruma akamrudisha mwanangu kwenye mstari.

Nilikwenda kwa Flora kumuuliza kama niichane barua hii. Alikuwa anachambua mchele wa chakula chako. Akasema, "Ipeleke. Akiwa na swali, aje aniulize mimi, jioni, kabla sijapakua."