Kibao Kilichohamia Mgongoni

Jamani, leo nimeadhirika mbele ya kijiji kizima, tena nikiwa nimewapa mgongo.

Mimi ni foromani. Tumejenga zahanati kwenye kijiji kimoja nje ya Handeni, na leo ilikuwa siku ya kuikabidhi. Jana jioni mhandisi wa halmashauri akapiga simu. "Kile kibao cha njia ya viti vya magurudumu kipo? Bila hicho sipokei jengo." Nikamjibu kipo. (Hakikuwepo. Kwenye ujenzi, vibao hukumbukwa mwisho kabisa, baada hata ya soda za wageni.)

Alfajiri nikawasha pikipiki kwenda Old Korogwe kwa Siwema, dada anayetuchorea vibao. Mafundi wangu hushangaa kwa nini zahanati ina vibao vingi vya "Usivute Sigara" wakati hapo kijijini wavutaji ni wa kutafuta. Niacheni. Kila kibao kilikuwa safari ya Korogwe, na kila safari nilikwenda na neno langu moyoni nikarudi nalo.

Nilivaa koti jeusi kwa heshima ya wageni (mwongo mkubwa mimi). Nikamkuta Siwema anapanga makopo ya rangi kwenye maboksi.

"Unahama?"

"Kesho naenda Tanga kwa dada. Huko kazi za vibao ni nyingi. Hiki chako ndicho cha mwisho, kaka."

Kaka! Na Tanga! Vyote kwa pumzi moja! Nikasimama namwangalia akichora. Bati la bluu, kiti cha magurudumu cheupe na mtu wake, chini mshale. Akizama kwenye kazi, ncha ya ulimi humtoka kidogo pembeni ya mdomo. Nitaukosa hata huo ulimi, Mungu wangu.

"Hii rangi ya mafuta," akasema. "Kaa ikauke, tunywe chai."

Hiyo chai nimeisubiri tangu tunachimba msingi! Nikavuta kigoda. Simu ikaita. Mhandisi. "Foromani, tumeshatoka mjini, tunakuja huko."

Nikaondoka. Ndiyo, niliondoka. Siwema akanifungia kibao mgongoni kwa mpira wa pikipiki, upande wa rangi ukitazama nje. Mikono yake ilipozunguka kiunoni nikasahau kupumua. Nikamwambia, "Haya, safari njema," kama mtu anayemuaga kondakta.

Nilipoacha lami na kuingia barabara ya vumbi, nikaihurumia rangi. Nikasimama, nikakigeuza kibao, upande wa rangi ukaelekea mgongoni kwangu. Nikajipongeza kwa akili nyingi.

Kufika, wageni hao wamekaa. Nikampa fundi kibao bila hata kukitazama. "Kigongelee pale kwenye mteremko wa viti, haraka!" Nikakimbilia kusalimia.

Heshima niliyoipata! Bibi mmoja akanishika mkono. "Pole mwanangu, usihangaike na ngazi. Pita huku." Nikampa shikamoo, nikapita huku. Baba mmoja akaninyanyukia kwenye kiti chake. Nikasema moyoni, kumbe kijiji hiki kinanipenda, na koti limefanya kazi. (Koti kweli lilikuwa linafanya kazi.)

Ukaguzi ukafika kwenye mteremko. Bati la bluu, katikati ukungu mweupe tu.

"Foromani, hiki kibao cha nini?" mhandisi akauliza.

"Cha viti vya magurudumu, mama."

"Kiti kiko wapi?"

Nikageuka kumwonyesha. Mzee Mhina, mwalimu mstaafu anayetembelea kiti cha magurudumu, akasema taratibu, "Mama, kiti mbona tunakiona. Amekivaa."

Wacha watu wacheke! Yule bibi alikaa chini kabisa. Nikavua koti. Kiti, mtu, mshale, vyote vimehamia, na mshale sasa unaelekeza vichakani.

"Livae," mhandisi akasema, anafuta machozi. "Simama pale pembeni ya mteremko, mgongo kwa watu, mpaka hotuba ziishe. Kesho nataka kibao kipya."

Kesho! Kesho mchoraji wangu hayupo.

Hotuba zote nilizisikiliza nikitazama ukuta. Mbele ya pua yangu, "Usivute Sigara." Mwandiko wake. Nikausoma mpaka macho yakaingia ukungu. Simu ikatetemeka. Siwema! Picha yangu ilikuwa imeshafika Korogwe. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akatulia.

"Foromani, asubuhi ulitaka kuniambia kitu?"

"Ndiyo."

"Sema basi."

Nyuma yangu kijiji kizima, mheshimiwa anahutubia, na mimi ndiyo kibao. Nikakusanya ujasiri wote niliojaliwa.

"Rangi yako," nikasema, "inashika vizuri sana."

Nikamsikia akipumua.

"Asante, kaka." Akakata.

Basi ndiyo hivyo. Chekeni, nimewaruhusu. Ila kama kuna anayejua ujenzi wowote Tanga unaotafuta foromani, hata wa banda la kuku, anitafute leo hii. Mshahara tutaelewana, mradi vibao niagize mwenyewe.